Kukata Kioo cha Ndege

Baba mdogo alikuwa na mkono mwepesi. Alipiga kabla ya kuuliza, na mara nyingi hakuuliza kabisa. Alimpiga mdogo wangu wa kiume kwa ajili ya mbuzi aliyekata kamba, akampiga dada yangu kwa ajili ya chumvi iliyozidi, na mimi akanipiga kwa kuwa nilisimama katikati. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka, alikuwa amejifunza kuingia chini ya kitanda kila aliposikia kikohozi chake uani.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, mama kwanza, kisha baba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walimkabidhi baba mdogo kibanja chetu cha Kimuli, pamoja na migomba, kahawa na nyumba, akitunze mpaka mimi niweze kujisimamia. Ndivyo desturi yetu ilivyo: mrithi akiwa mchanga huwekewa mtu. Lakini hakuna aliyesema uchanga huo unaisha lini. Niliota ndevu, naye bado aliniita mtoto mbele za watu. Kisha majirani wakatuambia kwamba wamemwona akimwonyesha mgeni mipaka ya shamba. Kama angekiuza, sisi wanne tungegawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu.

Nilikwenda kwa wazee. Mkubwa wao alinisikiliza huku mrija wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukiwa mdomoni.

"Una kazi?"

"Ninayo, waitu," nilijibu kwa heshima. "Niko kwa fundi seremala kule karibu na machimbo ya bati."

"Siku hizi kila kijana yuko kwa fundi. Mlete huyo fundi asimame hapa, aseme kwa mdomo wake kwamba mikono yako inaweza kulisha watu. Akisema hivyo mtu asiye wa ukoo, baba yako mdogo atatoka."

Fundi wangu alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka Pangani. Maneno yake yalikuwa bado ya pwani, na mkono wake haukuwa na huruma zaidi ya wa baba mdogo, ila yeye alipiga kwa sababu. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Nikasimame niseme nini? Kwamba unajua kufagia maranda?"

Wakati huo alikuwa amepokea kazi ya kanisa jipya la Ihembe. Walitaka nyota ya kuweka juu ya altare, nyota inayopitisha mwanga. Walileta na kitu ambacho nyota ingekatwa humo: bamba moja tu, pana kama sinia, lililobandikwa karatasi ya kaki pande zote mbili. Ukibandua karatasi unaona kama kioo, lakini ni chepesi, na ukikigonga hakilii. Mzungu mmoja wa machimboni alikiacha alipohama. Wachimbaji walikiita kioo cha ndege, kwa sababu walisikia kwamba madirisha ya ndege za vita yalikuwa ya kitu hicho. Leo madukani wanakiita akriliki.

"Mimi Mwislamu nawakatia hawa nyota yao," fundi alisema. "Nikiivunja, watasema nimefanya makusudi. Ikate wewe. Ikitoka nzima, nitasimama mbele ya wazee wako hata kama ni siku ya Idi. Ikipasuka, usirudi hapa."

Msumeno wetu wa nakshi uliendeshwa kwa mguu kama cherehani. Ulikuwa na utepe wa chuma mwembamba wenye meno, uliopanda na kushuka katika tundu la meza. Mti mgumu tuliukata kwa kukanyaga mbio. Fundi alikuwa ametufundisha mwendo huo kwa kutupiga ubao kwenye paja, na mguu wangu haukujua mwendo mwingine.

Tulijaribu kwanza kwenye kona ambayo isingetumika. Nilibandua karatasi yote, maana nilidhani ni ya kufungia tu. Fundi akasema bamba ni baridi mno, litapasuka, basi nilipitishe juu ya makaa kama tunavyobabua jani la mgomba kabla ya kufungia chakula, ili lilainike lisichanike. Ushauri ulikuwa na akili kabisa kwa mtu wa Karagwe. Nilibabua, likalegea, nikakanyaga mbio. Utepe ulizama kama kisu ndani ya jipu. Halafu harufu kali ikatoka, na nyuma ya utepe mkato ukajifunga wenyewe, ukaung'ang'ania. Bamba liliruka juu pamoja na utepe, likarudi likinipiga mdomoni. Utepe ukakatika, kipande kikanichoma shavuni. Nilikuwa bado natema damu fundi aliponipiga ubao wa mgongo.

"Umekuja kukata au kupika?"

Alipotulia tukaichunguza ile kona pamoja. Mahali nilipokanyaga polepole, mwanzoni, ukingo ulikuwa safi. Na pale kipande kidogo cha karatasi kilipobaki kimeshika, meno hayakuacha hata mkwaruzo. Tukaelewa kwamba joto ndilo adui. Kitu hiki kinataka utepe wenye meno makubwa, mguu wa mtu asiye na safari, na karatasi ibaki mahali pake. Nilirudishia karatasi kwa uji wa muhogo, nikachora nyota juu yake, nikaweka ubao mwembamba chini ili ukingo usimeguke, nikapaka utepe sabuni. Kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo lilinitisha kuliko yote: ukisimama katikati ya mkato, ule ute ulioyeyuka unaganda na kuushika utepe. Ukianza, husimami mpaka umefika.

Nilianza Ijumaa, fundi alipokwenda msikitini. Kwenye kila ncha niligeuza bamba taratibu, utepe ukila mahali pamoja mpaka upate nafasi ya kupinda. Nilikuwa kwenye ncha ya mwisho niliposikia kile kikohozi mlangoni.

"Unanishitaki kwa wazee?" baba mdogo alisema. "Wewe? Mtoto niliyekufuta kamasi?"

Fimbo ya kwanza ilinipata begani. Ya pili ilinipata sikioni, na upande huo wote ukawa mlio mtupu. Mguu wangu uliendelea.

"Geuka! Mwanamume hugeuka!"

Nilitaka kugeuka. Nyundo ilikuwa karibu na kiwiko changu, na nilijua mahali hasa pa kumpiga. Lakini mikono ilikuwa juu ya bamba, na bamba lile ndilo lilikuwa nyumba yetu. Alinipiga mgongoni, kichwani, kwenye vidole vya mkono wa kushoto mpaka nikasikia kimoja kinavunjika. Damu ilidondoka kwenye karatasi ikaufuta mstari, nikamaliza kwa kukisia. Nyota ilipoachia na kulala mezani, ndipo nilipogeuka. Nilimshika fimbo, nikaivunja kwa goti, nikampiga kichwa cha pua. Tulianguka pamoja kwenye maranda. Fundi alitukuta tukiwa hivyo, mimi juu, vidole vyangu vikiwa shingoni mwake. Alinitoa kwa kunivuta nywele.

"Lahaula! Mtaua mtu kwangu?"

Kisha akaiona nyota. Aliilowesha, akabandua karatasi yenye damu, akapitisha kidole gumba kwenye ncha zote, ndani na nje. Hakunisifu. Alichukua kofia yake.

"Twende kwa wazee wako. Na wewe mwenye fimbo, njoo pia. Wakuone pua."

Alisimama mbele yao akasema maneno machache. "Kijana huyu amepigwa akiwa kazini na hakuiacha kazi. Mimi nisingeweza. Mkitaka mtu wa kulisha wenzake, ndiye huyo." Mzee mkubwa aliniita karibu, akakishika kidole changu kilichovunjika, akakigeuza kama anayekagua ndama sokoni. Akamwambia baba mdogo atoke kibanjani kabla jua halijazama.

Alitoka. Lakini alipitia migombani na panga, akaangusha mgomba baada ya mgomba, ile yenye ndizi tu, akikata kwa nguvu na kutukana kaburi la baba. Mdogo wangu alitaka kumfuata na mkuki. Nilimkumbatia kwa nyuma mpaka baba mdogo alipovuka njia, na mdogo wangu alinipiga mateke muda wote huo.

Dada yangu alikwenda kuzikusanya zile ndizi. Nyingi hazikuwa zimekomaa, nyembamba kama vidole vya mtoto, na utomvu wake ulitia mikono weusi.

"Hizi haziivi hata ukizichemsha mpaka kesho," nilimwambia.

"Wewe kaa chini, nikufunge hicho kidole," alisema. "Halafu menya."

Nilimenya kwa mkono mmoja. Tulizila zikiwa chungu, wote wanne, na kitinda mimba akaomba aongezwe.