Makofi ya Leonsi

Mjini Sumbawanga watu hawakuyaita Makao kwa jina lake. Walisema Kule Juu, tena kwa sauti ya chini, utadhani akili iliyodumaa huambukiza kwa kutajwa. Serikali ilijenga mabweni na jiko kilimani, ikapokea watoto ambao akili zao hazikukua pamoja na miili: wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, wa wafugaji, wa Wafipa wenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, mtoto asiwe na ndugu.

Kwa sharti hilo baba yake Winifrida alidanganya. Alimpeleka Otilia, binti yake mkubwa, akasema amemwokota njia ya Kasesya. Nyumbani walikuwa wakimfungia ghalani kila wageni walipokuja, kwa hiyo Winifrida, wakati huo msichana mdogo, hakujua alie au ashukuru. Alipokua aliomba kazi ya upishi Kule Juu. Akampikia dada yake ugali wa ulezi, akamsuka nywele, akamwita Otilia kama walivyomwita wote. Angetamka neno dada, wangemrudisha ghalani. Akalimeza, na likamkaa kooni miaka yote.

Otilia alifariki Winifrida akiwa hospitali anajifungua. Aliporudi kazini walikwisha kumzika mwishoni mwa shamba, pamoja na wenzake wasio na ndugu, bila msalaba wala jiwe. Alikwenda kulitafuta kaburi, akakuta matuta matupu.

Matuta hayo yalikuwa kazi ya Leonsi, mmoja wa waliolelewa Kule Juu. Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo: majani mabichi hufunikwa udongo yaoze, kisha maharage hupandwa juu yake. Leonsi alifundishwa kazi hiyo hukohuko, naye akaipenda kupita kiasi. Kila aliyezikwa alimwekea tuta, na kila masika alilifanya upya. Hakuwahi kusema neno maishani mwake. Alisalimia tu, kwa kuchutama na kupiga makofi, kila mtu kwa namna yake. Otilia alipenda kujificha uso ndani ya kanga, basi Leonsi alimpigia makofi kisha akajiziba macho. Winifrida alipigiwa makofi, kisha Leonsi akalamba kidole, maana ndiye aliyempa ukoko wa sufuria.

Makao yalipofungwa, Winifrida alimchukua Leonsi, aliyekwisha kuzeeka, akaishi naye mtaa wa Katandala. Mchana mzee huyo alipotea na jembe lake, akarudi na udongo magotini. Winifrida hakumuuliza, angejibiwa nini?

Mwaka huu shamba la Makao lilikodishwa kwa Evaristi, mkulima wa Kasense. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, ukungu umelala mpaka barabarani, Winifrida alisikia trekta likipanda kilimani. Likipita lile, Otilia atapotea mara ya pili, na safari hii moja kwa moja. Alimshika Leonsi mkono wakalifuata.

Evaristi alikuwa na adabu zake. Alizima trekta, akashuka, akamwamkia Winifrida shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho alivyoeleza kwamba pale wamezikwa watu. Kisha akakuna kichwa.

"Lakini mama, haya si matuta ya maharage? Mimi nilimshukuru Mungu, nikadhani kuna mtu kanipunguzia kazi. Kama ni makaburi, ndugu zao wako wapi?"

Winifrida alijibu kwamba yeye alikuwa mpishi wao tu. Mazoea yana taabu.

Leonsi akauchomoa mkono wake, akaingia shambani, ukungu ukammeza. Hawakumwona, walimsikia. Makofi, kisha kimya kidogo, kama cha mtu anayengoja kuitikiwa. Na kweli, kutoka upande wa pili wa ukungu makofi yaliitika. Winifrida alinong'ona kwamba ni mwangwi wa ukuta wa bweni. Evaristi alisema kwa sauti ndogo kwamba bweni la upande ule lilibomolewa zamani.

Walimfuata kwa sababu kubaki pale kulitisha zaidi. Tuta hadi tuta alichutama na kupiga makofi, na kila mara aliitikiwa. Kwenye moja alijivuta sikio, na Winifrida akajua ni tuta la Clemens, aliyekuwa na tabia hiyo. Kisha Leonsi alifika kwenye tuta la pembeni, akapiga makofi, akajiziba macho. Hapo ndipo alipolala Otilia.

Ubavuni mwa tuta hilo palikuwa na tuta jipya, majani yake ya kijani bado yakichungulia udongoni. Leonsi alichutama mbele yake, akapiga makofi. Akageuka, akamtazama Winifrida, akalamba kidole.

Hakuna kilichoitika. Wakangoja wote watatu, na ukungu ukakaa kimya.

Winifrida aliogopa, asiseme mtu kwamba hakuogopa. Halafu akaona tuta limewekwa wapi. Hakuna aliyewahi kumwambia Leonsi kwamba wale wawili walitoka tumbo moja.

"Ndugu ni mimi," alimwambia Evaristi. "Huyu ni dada yangu. Na hili la ubavuni mwake ni langu, ila bado."

Evaristi alivua kofia. Leonsi alikuwa angali amechutama, anangoja. Winifrida akakunja kanga yake, akachutama upande wa pili wa tuta, akamwitikia kwa makofi.