Salamu ya ami kwa mwandishi wa Timbwani

Leo ami yangu amemsalimia yule mwandishi jirani yetu wa Timbwani.

Tulikuwa tumeshamzika.

Tangu miaka ya themanini ami hakuitikia salamu yake, hata msikitini. Kisa, riwaya: mwandishi alimtia babu yake ami mle, bwana wa watumwa asiyepata usingizi kwa majuto. Sote tukidhani ami hazigusi riwaya za mtu yule.

Kumbe, wallahi, amezisoma zote.

Ameniambia leo njiani, tukienda kuzika. "Babu alikuwa vivyo hivyo. Sijui yule aliujuaje moyo wake."

"Mbona hukumwambia, ami?"

Akakaza mwendo. Nyinyi mngeuliza tena? Mimi sikuweza.

Watu walipotawanyika akabaki kaburini, akatoa salamu.

Kisha akangoja, kama mtu anayetarajia kuitikiwa.