Fimbo Iliyofika Muheza

Nakumbuka Ijumaa ile chumbani kwetu mtaa wa Najma, Doha, mwanangu, na waliokuwapo siwasahau: Juma, mpishi wa hoteli, Okello, mlinzi kutoka Uganda, Mwalimu Elke, bibi wa Kijerumani niliyekuwa dereva wake, aliyekuja kututembelea, na mimi. Musa, kitinda mimba wetu, alikuwa Muheza, upande wa pili wa simu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasome. Kila Ijumaa nilimtaka Musa anisomee alama zake, spika ikiwa wazi, wenzangu wasikie. Dada yetu alikwishanionya: "Kaka, Musa anasema ataacha shule. Ijumaa ikifika anajificha." Nikajibu udongo uwahi ungali maji, nikazidi kukaza.

Mwalimu Elke alikuwa ameitwa Doha kushauri shule moja. Kwao alifungua shule isiyo na fimbo, watoto wakilima, wakichonga mbao, wakiulizana maswali. Walimu wenzake walimcheka, na miaka ilipopita wakaja kumwiga. Kiswahili alikipata Tanga, alikofundisha ujanani. Nilizoea kumwona akiwaamkia watoto kabla ya mkuu wa shule, nami nikistaajabu.

"Hesabu?" nikauliza.

"Thelathini na moja, kaka."

"Mimi nimeihama nchi kwa ajili yako, wewe unaniletea thelathini na moja?"

Mwalimu akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Musa, mimi ni mwalimu mzee. Nifundishe kitu unachokijua vizuri."

Mtoto akaanza, akisitasita, kueleza namna ya kulimulika yai kwa tochi ujue kama lina kifaranga. Bibi yule akauliza, akajibiwa, akauliza tena, kama mwanafunzi hasa. Okello, aliyekuwa akinyoosha sare yake, akaiweka pasi chini. Tangu msiba sikuwahi kumsikia Musa akisema maneno mengi kiasi kile. Salio likaisha angali anaeleza.

Mwalimu akanirudishia simu. "Nilipoanza kazi nilimchapa mtoto kwa jibu baya. Mwaka mzima hakunyoosha tena mkono darasani. Mkono ule ndio ulionituma kazi yangu yote. Na fimbo yako, baba, ni ndefu kuliko yangu. Inatoka Doha hadi Muheza."

"Na haiombi hata viza," akasema Juma. Hakucheka mtu, hata yeye.

Musa hakuacha shule. Kila Ijumaa nikawa namwuliza kwanza amejifunza nini, na leo ni afisa mifugo. Nilipomwuliza mwalimu nimlipe nini, alisema, "Kwangu huna deni. Anayekudai ni Musa."

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiachiwa wadogo, taabu unayoibeba kwa ajili yao usiifanye fimbo ya kuwachapia. Kabla ya kumpima mtoto kwa asichokijua, kaa chini akufundishe anachokijua. Mola akupe subira, na sauti yako iwe kivuli cha wote walio nyuma yako.

Mwalimu alifia kwao. Musa ana watoto sasa, na kila nikimtembelea huniwekea kiti kizuri, huniuliza hali. Radhi yake sijaiomba bado.