Amsterdam Haina Chemchemi

Rafiki yangu, juzi nimerudi nyumbani Kimulot kutoka mbio za Ulaya, na kila mtu anataka habari ya miji iliyojengwa majini. Kusema mbele za watu kunanishinda, kwa hivyo nakuandikia wewe.

Venisi barabara ni maji. Niliona mashua ikibeba friji na sofa, nyingine ikizoa takataka. Amsterdam nyumba ni nyembamba, zimeegemeana kama watu wanaosinzia kanisani, na mifereji inapita mbele ya milango. Pazuri, sikatai. Lakini asubuhi moja ya mazoezi nilifuata mfereji nikitafuta juu yake ni wapi. Kwetu kila maji yana juu na chini, na kabla ya kunywa unauliza nani anakaa juu. Nilikimbia mpaka nikachoka. Hakuna kilima. Maji yamesimama tu.

"Haya yanatoka wapi?" nilimuuliza mwenzangu, mkimbiaji kutoka Sigowet aliyenizidi umri.

Alicheka mpaka akashika magoti. "Dada, tafuta finishi kwanza! Chemchemi utaitafuta ukishapumzika."

Hapo ndipo nyanya yangu aliponijia kichwani.

Chemchemi yetu iko bondeni, chini ya shamba lake la majani chai. Wasichana tulitumwa kabla ya shule, umande ukitulowesha magoti, vyura wakinyamaza tukikaribia. Aliyefika wa kwanza alitoa majani yaliyoanguka, kisha akangoja maji yatulie. Hakuna kutumbukiza mtungi. Ulichota kwa kibuyu kidogo, ukajaza mtungi pembeni. Sabuni hapana, na ng'ombe walikuwa na mahali pao, chini zaidi. Jirani yetu, mama aliyetoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha chai, mwanzoni alizicheka sheria hizo. Baadaye ndiye aliyetupigia kelele: "Nyinyi! Nani amepiga mswaki hapa?" Tukirudi, nyanya alitupa viazi vya moto na mursik, maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na kila siku aliuliza neno lilelile: "Mmewaachia wa nyuma maji safi?"

Nyanya hayupo sasa. Nimerudi nikakuta baba mdogo amepanda miche ya mikaratusi kuzunguka chemchemi, kwa sababu kiwanda cha chai kinanunua kuni. Hapa sote tunajua mti huo unavyokunywa maji. Ng'ambo ya bonde waliupanda, na leo pale walipokuwa wakichota wanafunga mbuzi.

Nilimwambia. Aing'oe kabla chemchemi haijakauka.

"Umeona maji yote hayo ya Ulaya, halafu unalilia kidimbwi?" akasema. "Na wewe utaolewa uende kwa watu. Hii ni ya nini kwako?"

"Ni ya kunywa, baba mdogo."

"Si tuna tangi?"

"Tangi linangoja mvua. Hii haingoji."

Alisonya akaenda zake. Kesho yake niling'oa miche yote, nikaipanga mlangoni pake, mizizi ikiwa na udongo wake, ili akitaka aipande kule juu kwenye mawe. Alisimama akaitazama, akasema mbele ya majirani kwamba Ulaya imeniharibu, eti msichana mnyamavu amepata mdomo. Aseme. Hata kule Ulaya, pamoja na maji yao mengi, niliona wamejenga kuta na madaraja wakiyapisha, na hakuna aliyeyaita kidimbwi.

Najua mengi yamekwisha. Wasichana hawashuki tena bondeni na mitungi, maana maji ya paa yako nyumbani. Kibuyu cha kuchotea sijui kilipotelea wapi. Vyura nawasikia mmoja mmoja, tena mpaka utulie sana. Hayo siwezi kuyarudisha, na sitajifanya naweza.

Lakini maji bado yanatoka, membamba na baridi, na nimeyanywa leo. Mikaratusi ikirudi pale nitaing'oa tena, mchana, kila mtu akiona.