Simu iliyonyamaza kwenye pindo la leso

Leo mdogo wangu amenifokea mlangoni pangu mwenyewe.

Hatusemezani tangu matanga ya kaka yetu. Asubuhi akanipigia mara saba ili tupatane. Simu kimya. Akapanda gari kutoka Jilore.

"Dada, hata msamaha wangu hutaki kuusikia?"

Mimi niko hoi, nimetoka shamba. Sikusikia kitu!

Simu yenyewe ni ya Linux. Programu zake ziko wazi, yeyote huzirekebisha, na mjukuu wangu Mbeyu, anayeniandikia haya, ni mmoja wa wanaozirekebisha. Kanipa niijaribu. Nimechoka kujaribu!

"Hawe, simu unaiweka wapi?" Mbeyu akaniuliza mimi bibi yake.

Nikafungua pindo la leso kiunoni. Semeni nyinyi wanawake wenzangu, ningeiweka wapi?

Mbeyu akashika kichwa. Simu ikifunikwa hudhani iko sikioni, basi inakata mlio. Yeye na wenzake huijaribu mezani.

Alirekebisha hadi alasiri. Mdogo wangu akagoma kuondoka, akawa anasonga ugali huku akinipigia.

Mwishowe kiuno changu kikalia!

Nikapokea. "Nisamehe, dada," akasema kutoka jikoni.

Nikamjibu kwenye simu hiyohiyo: "Nimekusamehe. Sasa geuza ugali, unaungua."