Wimbo wa Mfuko wa Mbolea

Melifa akiazima ungo wako, hakurudishii mtupu. Atatia konzi ya maharage, au majani ya maboga, au hata ndimu mbili. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu watu wa kijiji chetu hapa Phalombe wakimtaja Melifa humtaja kwa jambo jingine kabisa, na jambo hilo nililianzisha mimi.

Tumekua pamoja. Mama yake alifariki tukiwa darasa la nne, akalelewa na bibi yake, Bibi Nasibeko. Siku za Jumamosi tulitwanga mahindi kwenye kinu kimoja, wasichana watatu, na Melifa ndiye aliyekuwa akituanzishia wimbo wa kutwangia, kwa sauti ndogo, ili michi yetu isigongane. Baadaye akaolewa na Hestoni, fundi baiskeli, mtu wa vicheko vingi. Hestoni alikuja kuishi ukweni kama ilivyo desturi yetu, akakaa miaka mitatu, halafu akaenda Joni, kule kusini kwenye migodi, kutafuta maisha kama walivyokwenda wengine. Kutoka huko alituma blanketi moja na simu isiyo na chaja, basi, ikawa mwisho wa habari zake. Melifa akabaki na mimba, bibi kizee asiyeona vizuri, na shamba la mawe. Alilima vibarua vya watu mpaka mwezi aliojifungua. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na nikisema kweli, jambo hilo lilikuwa linaniudhi.

Mimi ni mtu wa aina nyingine. Mimi ni mdomo. Msibani, harusini, mkutanoni, nikiimba watu wanasogea. Ndiyo maana Bwana Likongwe, bwana afya wetu, alinichagua nijitolee kumsaidia. Kazi yangu ilikuwa kuongoza nyimbo siku ya kliniki ya watoto, na kutunza nyumbani kwangu boksi la pakiti za chumvi ya kuharisha, ili mzazi ambaye mwanawe anaharisha aje achukue, achanganye na maji safi, amnyweshe. Mwaka ule yalikuwa yameanza kutolewa matone mapya ya mdomoni, ya kuwakinga watoto wachanga na ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaotuvamia kila kipupwe. Nilitunga nyimbo mbili za matone. Zilipendwa, nami nikavimba kichwa.

Kliniki yetu huja mara moja kwa mwezi, barazani kwa kanisa. Mizani inaning'inizwa kwenye boriti, na kila mama anakuja na mfuko wake wa kumpimia mtoto, alioushona mwenyewe, wenye matundu mawili ya miguu na mikanda ya kuning'iniza. Jamani, mifuko ile! Ukitaka kujua nani ana mume anayejali, usimwangalie usoni, angalia mfuko. Wengine wanatia hata lesi. Kwanza tunaimba, halafu watoto wanapimwa, halafu wanaingia ndani ya kanisa kupata sindano na matone. Nami nikiwa naimbisha, nikiinua mikono yote miwili, kina mama wanajua ubeti wa pili unakuja, wanaongeza sauti.

Mwezi wa tatu Melifa alikuja na mwanawe Limbani, wiki sita. Mwanangu Tadala alikuwa na wiki nane na alikuwa ndani ya mfuko wa kitenge kipya cha maua mekundu, nami nilihakikisha kila mtu ameyaona. Zamu ya Melifa ikafika. Akatoa mfuko wake. Ulikuwa ni kipande cha mfuko wa mbolea, umekatwa matundu mawili, umeshonwa kwa uzi wa mkonge. Alikuwa ameufua mpaka maandishi yamefifia, lakini picha ya hindi ilikuwa bado inaonekana.

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama mbele, kina mama sitini wananitazama, na ulimi ukaniwasha. Nikaimba:

Wenzako wamekuja na vitenge,
wewe umekuja na mfuko;
tuambie, mama, unalea mtoto
au unapanda mahindi?

Na mahadhi niliyotumia, Mungu anisamehe, yalikuwa yale ya wimbo wake wa kutwangia.

"Weee, Mama Tadala, utatuua!" alipiga kelele Mama Wayisoni, jirani yangu, huku anajishika mbavu.

Nikainua mikono. Wakaimba wote. Bwana Likongwe, aliyekuwa ndani anapanga chanjo zake, alichungulia, akaona tunacheka, akatabasamu, akarudi ndani. Melifa naye alicheka kidogo, kama mtu anavyocheka akichekwa. Limbani akapimwa, kilo nne na nusu, ikaandikwa kitabuni. Foleni ilipoanza kuingia ndani kwenye matone, Melifa aliukunja ule mfuko, akaukunja tena ukawa mdogo, akautia kwapani, akashika njia ya kwao. Nilimwona. Kwa muda mrefu nilikuwa najiambia nilidhani anakwenda kujisaidia. Uongo. Nilijua anakwenda wapi, na nilijua kwa nini.

Mwezi uliofuata hakuja. Bwana Likongwe akafungua daftari lake.

"Mama Tadala, huyu Melifa na mtoto wake vipi? Sijaona chanjo hata moja. Nenda kamwone."

"Sawa, mkubwa."

Sikwenda. Ningemwambia nini? Nilifika mpaka kisimani, nyumba yake naiona, nikageuka. Bwana Likongwe aliponiuliza, nikamjibu, "Hayupo. Kaenda kwa shangazi yake huko Milanje, ng'ambo ya mpaka." Mwezi wa tano akaniuliza tena, nikamjibu vilevile, safari hii bila kumeza mate. Siku hiyohiyo Melifa alikuwa analima kibarua kwenye shamba la mchungaji, hatua chache nyuma ya kanisa. Na wimbo ulikuwa umeshatoka kliniki. Watoto waliuimba wakichota maji. Waliuimba akipita.

Kipupwe kikaingia, na kuharisha kukaingia nacho. Tadala naye aliharisha, lakini alikuwa ameshapata matone yake yote mawili. Siku mbili tumbo lilimsumbua, siku ya tatu anagombania uji. Nilishukuru, nikatunga na wimbo wa kushukuru. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku moja asubuhi, mwezi wa saba, nilikuwa uani napepeta mahindi. Nikamwona Melifa anapita barabarani, mtoto mgongoni, anaelekea zahanati. Zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Boksi la pakiti lilikuwa chumbani kwangu, hatua thelathini kutoka alipokanyaga, na hakuna asiyejua kwamba liko pale. Melifa hakugeuza hata shingo. Kichwa cha Limbani kilikuwa kinaning'inia upande kama cha kuku aliyechinjwa.

Na mimi nilifanya nini? Niliinama. Niliuinua ungo ukanifunika uso, nikaendelea kupepeta mahindi ambayo yalikuwa safi tayari. Nilipepeta mpaka akapotea kwenye kona. Nikiikumbuka ile dakika naona haya kuliko hata siku ya wimbo, maana siku ya wimbo nilikuwa mjinga tu.

Halafu nikatupa ungo. Nikachukua pakiti mbili, kikombe, kijiko na chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa, nikakimbia. Nilimkuta amekaa darajani, miguu imemkatalia. Limbani macho yamezama, mdomo mkavu, analia bila machozi.

"Ameanza lini?" nikauliza, natweta.

"Juzi. Bibi alisema ni meno."

"Sasa Melifa, mbona hukupita kwangu? Si unajua pakiti ziko kwangu?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Niliogopa utaimba," akasema.

Nilichanganya pakiti kwenye chupa, tukamnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja. Anatapika, tunangoja kidogo, tunaanza tena. Akapita kijana wa baiskeli ya kubeba abiria, nikamsimamisha, nikampandisha Melifa na mwanawe, mimi nikafuata nyuma nakimbia na chupa mkononi.

Zahanati walimtundikia dripu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu. Alifungua kitabu cha Limbani, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Mama, hapa umepimiwa mtoto mwezi wa tatu. Uzito upo. Sindano hakuna, matone hakuna. Ulifika mpaka kwenye mizani ukageuka? Nani alikufukuza?"

Melifa aliniangalia. Niliona kabisa kwamba anaweza kusema. Jina langu lilikuwa mdomoni mwake.

"Hakuna mtu, sista. Nilikuwa na kibarua. Niliona nachelewa."

"Kibarua!" Muuguzi akapiga kitabu mezani. "Nyinyi kina mama mnanichosha! Matone ya bure, ya mdomoni, mtoto halii wala hatoki damu, wewe unakimbilia jembe! Sasa umelima nini? Umelima hiki?" Akamwonyesha mtoto na dripu yake.

"Nisamehe, sista," akasema Melifa, ameinamisha kichwa.

Wodi nzima ilikuwa inamtazama. Matusi yale yalinistahili mimi, kila neno, naye aliyapokea kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aubebe kidogo njiani. Nami nilisimama pembeni nimeshika chupa. Mimi, mdomo wa kijiji!

Limbani alipona. Siku ya tatu aliikamata pua ya mama yake akaivuta, nikatoka nje kulia. Nilirudi nyumbani nikakata kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikashona mfuko wa kupimia, mshono mara mbili, lesi juu, nikampelekea. Aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Kesho yake akaniletea konzi ya maharage.

Kwa Bwana Likongwe nilichelewa zaidi. Nilimkuta kisimani anakagua pampu, nikamweleza yote, wimbo na uongo.

"Kumbe hakwenda Milanje?"

"Hakwenda popote, mkubwa."

"Na mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba yuko safarini." Alifuta mikono yake kwenye suruali. "Usinililie mimi. Kawaambie wenzako siku ya kliniki. Si unao mdomo?"

Mwezi wa kumi Limbani alikuwa ametimiza miezi tisa, na Melifa alimleta kwa sindano ya surua na zile alizobakiza. Nikasimama mbele ya kina mama. Nilikuwa sijalala kwa siku mbili.

"Kina mama," nikasema, "leo sina wimbo. Ule wimbo wa mfuko wa mbolea ndio uliomkimbiza Melifa kabla mwanawe hajapata matone. Limbani alikaribia kufa, na aliyetaka kumuua ni mdomo wangu."

Wakanikazia macho. Nikaona neno limeingia. Kumbe walikuwa wanangoja mwisho wa mzaha. Wananijua, mimi nikitaka kuwachekesha huanza na uso wa msibani.

"Eti mdomo wake!" Mama Wayisoni akaangua kicheko. "Sikieni, ameshaanza!"

"Sitanii," nikasema. "Jamani, sitanii!"

Wakazidi kucheka. Mmoja akapiga makofi, mwingine akaanzisha, Wenzako wamekuja na vitenge, na baraza zima likadaka. Melifa wakati huo yuko kwenye mizani. Mfuko wangu wa lesi hakuja nao. Baadaye bibi yake aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ni imara sana, wanatunzia mbegu za maharage. Limbani alikuwa amekaa ndani ya mfuko uleule wa mbolea, hindi kifuani. Na wimbo ule anaujua. Ameusikia tangu ana wiki sita, kisimani, njiani, kila mahali mama yake alipopita. Akafurahi. Akapiga makofi, akarusha miguu, akaanza kuruka humo mfukoni mpaka mshale wa mizani ukawa unakwenda na kurudi.

"Mtulizeni huyo mtoto, sioni namba!" akasema Bwana Likongwe.

Melifa aligeuka akanitazama. Hakuinua sauti.

"Wanyamazishe basi, Mama Tadala. Wewe ndiye uliyewafundisha."

Nikainua mikono yote miwili ili wanyamaze. Wakaongeza sauti.