Kuku Wananenepa, Kifua Kinakwisha

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya kuchanganya chakula cha kuku inaanza kunguruma. Mwanamke aliyejiziba mdomo kwa kitambaa anapasua mfuko, anageuza uso pembeni, anamimina unga mweupe. Vumbi linapanda. Anakohoa mpaka anashika ukuta.

"Usishtuke, ndiyo salamu yetu ya asubuhi," anasema akijaribu kucheka. Wenzake kiwandani humwita Mama Chafya.

Unga huo ni vimeng'enya vinavyozalishwa na bakteria. Humsaidia kuku kumeng'enya pumba na soya, ambazo sehemu yake ingepita tumboni bila faida.

"Kuku anayekula mchanganyiko wangu, ukimbeba unajua umebeba kitu," anasema, na kwa mara ya kwanza macho yake yanang'aa.

Miaka minne iliyopita alianza kupiga chafya, akadhani ni mafua. Kisha kifua kikaanza kubana na kulia kama filimbi. Mwaka jana alianguka kando ya mashine. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani; alipojibiwa, daktari akatikisa kichwa.

"Mama, ni huo unga. Ukiendelea kuuvuta, pumu hii itazidi."

Mama Chafya alilia. Alimkumbuka fundi aliyemfundisha kazi, aliyefariki akihangaika kuvuta pumzi.

"Alipokohoa tulikuwa tunamtania apunguze sigara. Kumbe marehemu hakuwahi kuvuta hata moja."

Mwezi uliopita meneja alikubali kumhamishia uani, akashone magunia. Alifurahi kama mtoto, mpaka alipoonyeshwa atakayeshika nafasi yake: binti aliyetoka kujifungua juzijuzi.

"Barakoa yake iko wapi?" alimuuliza meneja.

"Itakuja."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Akarudi kwenye mashine.

Mumewe, mshona viatu, hajamwelewa hadi leo. "Mke wangu, huruma itakuua," humwambia kila anaposikia kifua kikilia. Yeye hugeukia ukutani.

Jumatatu anataka yeye na wenzake wa kiwandani waende pamoja kwa meneja, kudai barakoa na unga wa chenga usiopeperuka. Hajui watajitokeza wangapi. Kila mtu anaogopa kibarua kuota nyasi.

"Kazi ya uani naitamani, nisikufiche," anasema, akifuta machozi ya kikohozi. "Lakini nikimwachia yule binti mifuko hii leo, nitakuwa nimemwachia na kifua hiki."